Jina la Fundi Kwenye Daftari

Tangu serikali ilipoleta nakala tatu za katiba inayopendekezwa kwenye maktaba ya kata, mkutubi alipoteza jina lake. Watu wakaanza kumwita Ibara. Ukimwamkia, alikujibu kwamba hajambo kwa mujibu wa ibara ya kumi na sita. Ukilalamika kuwa kiti kimevunjika mguu, alikufungulia ukurasa unaohusu mali ya umma. Nakala mbili ziliibwa wiki ya kwanza, na wizi huo ulimfurahisha kupita kiasi, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa ya kazi yake hakuwahi kuona mtu akihangaika kuiba kitabu cha sheria. Ya tatu aliifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, na kila siku saa tisa alasiri aliwasomea kwa sauti wale ambao macho yao, au shule yao, hayakuwafikisha kwenye maandishi madogo.

Aliitaka katiba ile, na hakuwa na aibu kulisema hilo. Alitaka mtu akamatwe kwa hati na si kwa hasira za askari. Alitaka mwanamke aitwe raia kabla hajaitwa mke wa fulani. Zaidi ya yote aliipenda ibara ya arobaini, iliyosema kuwa kila mtu ana haki ya kupewa habari zake zilizo mikononi mwa serikali. Akiifikia hiyo alisoma polepole, akavua miwani, akanyamaza kidogo ili iwaingie. Wazee wastaafu wa safu ya mbele walikwisha kumjua. Akivua miwani tu, walipiga makofi waende zao.

Tatizo lilikuwa nusu. Sheria ya kura ya maoni ilisema kwamba hata kura za Ndiyo zingekuwa nyingi namna gani, matokeo yasingehesabika mpaka nusu ya watu walio kwenye daftari la wapigakura wajitokeze, tena katika kila wilaya. Daftari la wilaya yao lilijaa majina hewa: marehemu, waliohama, walioolewa mbali, waliojiandikisha mara mbili kwa kusahau. Kila jina la mtu asiyekuwepo lilikuwa sawa na Hapana iliyokwisha kupigwa. Kwa hiyo tume ikamleta karani kijana mwenye kompyuta, akapewa meza ya dirishani pale pale maktabani, na watu wakatangaziwa waje wawafute wasiokuwepo. Ndugu wa karibu anajaza fomu, anatia saini, karani anabonyeza, imekwisha.

Kwa wiki mbili Ibara aliwaona wakija. Mzee mmoja alimfuta mkewe, kisha akaomba arudishiwe ile fomu aitazame mara moja tu. Dada wawili waligombana nani atie saini fomu ya baba yao, kila mmoja akimsukumia mwenzake kalamu. Ibara aliwapa maji ya kunywa, akawashukuru kwa niaba ya taifa kana kwamba taifa lilikuwa limemtuma, akarudi kwenye kiti chake. Yeye mwenyewe alikuwa na jina la kufuta, na mtaa mzima ulijua.

Lilikuwa la mumewe. Huyu alikuwa fundi redio, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Miaka kumi na mmoja nyuma aliitwa kwenda kusaidia kusimika minara ya simu mikoa ya mbali, kazi ya miezi mitatu. Mwaka wa kwanza aliandika barua nne na kupiga simu mara kadhaa. Mwaka wa pili simu yake haikupatikana, na kuanzia hapo ikawa kimya. Hakuna aliyeleta habari za ajali, wala za jela, wala za mwanamke. Meza yake ya kazi ilibaki sebuleni na bisibisi zimepangwa kwa urefu, na mama yake, ambaye alikuwa akiishi na Ibara nyumba moja, alizifuta vumbi kila Jumamosi na kuzirudisha vilevile.

Kila uchaguzi, daftari lilipobandikwa ukutani, Ibara alikwenda mapema kabla ya watu, akaitafuta picha ndogo ya mwanamume aliyekodoa macho kwa sababu mpigapicha alimkataza kutabasamu. Nyumbani picha za Fundi zilikuwepo, lakini hizo zilikuwa zake na za mama. Hii ilikuwa ya serikali, na serikali ilisema yupo. Alisimama pale mpaka mtu mwingine alipotokea, ndipo akajifanya anatafuta jina lake mwenyewe. Alimtamani mumewe, tusizunguke. Aliitamani mikono yake iliyonuka risasi ya kulehemu, alitamani kugombana naye juu ya sauti ya redio, alitamani mgongo wake kitandani. Kufikisha miaka arobaini na sita hakukumpunguzia kitu.

"Dada Ibara," karani alimwambia siku ya mwisho, saa ya kufunga. "Unatuhubiria nusu, nusu, na kwako kuna jina hewa. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba yeye mwenyewe hajafuta, sisi anatuharakisha nini."

Ibara alitaka kujibu kwa ibara fulani, akaikosa. Walikuwa na haki. Hata yeye angesema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi. "Lete fomu," alisema.

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: amefariki, amehama, hajulikani alipo. Alitia alama kwenye cha tatu. Kisha akatia saini yake yote, na ile mikunjo ya mwisho ambayo kwa kawaida huiruka akiwa na haraka. Alimpa karani karatasi na kugeukia rafu, akaanza kunyoosha vitabu vilivyokuwa vimenyooka tayari.

Karani alichapa. Akachapa tena. "Dada, hayupo."

"Najua hayupo. Ndiyo maana nimejaza."

"Sivyo. Hayumo kwenye daftari la kituo chetu. Jina limehamishwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe. Tarehe tisa mwezi uliopita. Alifika ofisini, akapigwa picha mpya, akatoa alama za vidole."

Ibara alishika rafu. Kitu cha kwanza alichokifikiria kilikuwa cha kijinga: kwamba vidole anavyo vyote. Kisha akavuta kiti akakaa. "Nionyeshe."

"Siruhusiwi. Taarifa za mpigakura mwingine ni siri."

"Mimi ni mkewe. Na ibara ya arobaini inasema..."

"Dada, hiyo katiba yako bado haijapita."

Ibara alisogeza kiti karibu na meza. Karani akashusha pumzi, akasema anakwenda kunawa mikono, akaigeuza kompyuta kidogo kuelekea kwa Ibara kabla hajatoka. Alikawia huko kuliko mikono yoyote inavyohitaji.

Kwenye picha, Fundi alikuwa ameota mvi masikioni, na mashavu yamejaa. Safari hii mpigapicha hakumkataza, au alimkataza akakaidi, kwa maana Fundi alikuwa anatabasamu. Chini ya picha palikuwa na jina la kituo: shule ya msingi katika mji ambao Ibara aliwahi kwenda mara mbili kufuata vitabu. Masaa matatu kwa basi. Miaka yote hiyo alimfikiria gerezani, alimfikiria ng'ambo, alimfikiria kaburini, na mtu alikuwa masaa matatu kwa basi, mashavu yamejaa.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake sebuleni akichambua vifungo kwenye bakuli. Alimweleza akiwa bado amesimama, mkoba begani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaweka bakuli chini.

"Mzima?"

"Mzima, mama. Amenenepa hata."

Mama alipiga kigelegele kimoja, chembamba, cha mtu ambaye kifua chake hakina tena pumzi za kigelegele. Akamshukuru Mungu, akacheka, akalia, akafuta macho kwa upande wa kanga, akacheka tena. Mwanawe yu hai. Ibara alikaa kwenye meza ya bisibisi na kumtazama, akamwonea wivu, kwa sababu yeye ni kama alikuwa amerudi na maiti. Mume aliyekufa, Ibara angeweza kuendelea kumpenda bila swali. Huyu mzima aliyepanga foleni ofisini ili aondoe jina lake karibu na la mkewe, huyu angempenda vipi? Na bado alimpenda, hiyo ndiyo iliyomkera.

"Siku ya kura utakwenda," mama alisema.

"Siku ya kura ninapiga kura, mama. Nimewasumbua watu miezi mitatu, halafu mimi nisionekane?"

"Siku nyingine utampata wapi? Mji mzima ule utagonga mlango gani? Siku hiyo serikali yenyewe imempangia pa kusimama."

Ibara aliushusha mkoba begani. Hoja ilikuwa nzuri kuliko zake zote za maktabani.

"Kituo chetu kinafungwa saa kumi na moja jioni," alisema mwishowe.

"Basi uwahi kurudi. Nenda na basi la alfajiri, umlete. Akikuuliza habari zangu mwambie sijamkasirikia. Nitamkasirikia akishafika."

Na hivyo ndivyo Ibara, aliyekuwa amewaapisha wastaafu wote wa safu ya mbele kwamba watakuwa foleni kabla jua halijachomoza, alivyojikuta asubuhi ya kura ya maoni kwenye geti la shule asiyoijua, amevaa gauni lake la bluu, akitazama foleni ya watu wengine. Saa mbili hiyo, na foleni ilikwisha kuzunguka uwanja wote na kujikunja nyuma ya madarasa. Alijipigia hesabu zake: ampate kabla ya saa sita, basi la kurudi ni saa saba, saa kumi wako kituoni kwao. Maneno alikuwa ameyaandaa njiani, yenye utangulizi na vifungu vidogo, mengine makali kiasi cha kumfanya abiria wa jirani amtazame midomo.

Alimjua kwa shingo. Saa nne ilikuwa haijatimia alipoingia getini peke yake, redio ndogo kwenye mfuko wa shati, waya wa sikioni ukining'inia, kichwa amekiinamisha upande kama alivyozoea akisikiliza kasoro ya chombo. Alimpita Ibara bila kumwona, akaenda kusimama mwisho wa foleni. Ibara alikuwa amepanga kungoja kwanza, amtazame, aone yuko na nani. Miguu haikumwuliza.

"Fundi."

Aligeuka. Uso wake ulibadilika mara tatu au nne, na Ibara aliifuata kila moja, kwa kuwa zote alizijua.

"Wewe," alisema. "Umefikaje huku?"

"Kwa basi. Ni masaa matatu."

Fundi alitazama viatu vyake. Mwanamke mwenye mwavuli alikuja kusimama nyuma yao, foleni ikasogea hatua moja, nao wakasogea nayo wote wawili.

"Mama?"

"Mzima. Magoti tu. Anasema hajakukasirikia. Atakukasirikia ukishafika."

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile, cha ghafla, cha puani, na katikati yake akafunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kutikisika. Ibara naye akacheka huku machozi yanamtoka, na ile hotuba ya kwenye basi ikapotea yote, utangulizi na vifungu. Angesamehe kila kitu. Alijua hapo hapo, na alijishangaa: miaka kumi na mmoja ingefutika kwa neno moja, na neno lenyewe hata lisingehitaji kuwa zuri.

"Kwa nini ulihamisha jina?" Si hilo alilotaka kuuliza.

"Nilisikia redioni. Walisema wilaya yetu ina majina hewa mengi, nusu haitafika. Nikaona nisiwaharibie. Najua unavyoyapenda mambo haya."

"Ungekuja kupigia nyumbani."

"Huku ilikuwa rahisi," alisema Fundi, bila ubaya wowote.

"Una mtu?"

"Nilikuwa naye. Si hilo." Alichomoa waya sikioni akauzungusha kidoleni. "Mwaka wa kwanza nilichelewa kidogo. Wa pili nikaona aibu kwa kuchelewa. Baada ya hapo aibu ikazidi, nikawa sijui hata nikija nitaanza na neno gani. Kila mwezi nasema, mwezi ujao."

"Mwezi ujao ndio huu," Ibara alisema. Alisema kwa sauti ndogo kwa sababu kubwa ingepasuka. "Usianze na neno lolote. Piga kura yako, tupande basi la saa saba. Ukifika, mama atasema yote, wewe utainamisha kichwa tu."

Fundi alitia waya mfukoni. Akamshika mkono, kiganja kwa kiganja, na kiganja kilikuwa na sugu palepale pa zamani. "Sawa," alisema. "Sawa, mke wangu." Kisha akajifuta jasho. "Nishikie nafasi, nikaoshe uso pale bombani. Siwezi kuingia mbele za watu hivi."

"Nenda."

Akasimama kwenye nafasi ya mumewe. Alinyoosha gauni. Mwanamke wa mwavuli, ambaye alikuwa amesikia kila kitu na hakujisumbua kuficha, alimwuliza, "Mumeo?"

"Mume wangu," alisema Ibara, na kulisema kulimpa joto la tumboni. Akajikuta anaongea. Alimweleza habari za maktaba, za nakala zilizoibwa, akamsomea ibara ya arobaini kwa kichwa, neno kwa neno, na mama wa mwavuli akasema hiyo ni nzuri, kwao hakuna aliyewasomea. Foleni ilikwenda. Walitoka juani wakaingia kivuli cha madarasa. Ibara aliwaza kwamba atamlaza Fundi upande wa ukutani, maana yeye sasa alikwisha kuzoea upande wa mlango. Aliwaza atakavyowaambia wastaafu.

Walipobaki watu kumi na tano mbele, alichungulia kuelekea bombani. Kona ya jengo ilimzuia. Walipobaki kumi, alitoka kidogo kwenye mstari, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Bomba lilionekana sasa, linatiririka taratibu juu ya saruji, na hapakuwa na mtu.

"Dada," alisema mama wa mwavuli, "sikutaka kukuingilia. Lakini shemeji alitoka getini kitambo. Ulipokuwa unanisomea."

"Ameenda kutafuta maji ya kunywa."

"Labda."

Watu sita. Wanne. Alikuwa na akili zake, alielewa. Mtu ambaye alipanga foleni kuhamisha jina, akaamka asubuhi akavaa shati safi, alikuwa ameiacha kura yake bila kuipiga ili tu asirudi mahali ambapo mkewe amesimama. Alielewa, na bado alikaa kwenye mstari. Watu wawili. Kila hatua aliisogeza ile nafasi mbele kwa uangalifu, ili akitokea aikute.

Akafika mlangoni. Askari alinyoosha mkono. "Kitambulisho."

"Si mimi. Nimemshikia mtu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Majirani waliwahi kumwuliza hivyo, na watu wa sensa, na mwalimu wa kwaya, na wakwe, na mwenye nyumba. Wote aliwajibu neno moja, na neno hilo lilikuwa limekwisha kupanda mdomoni kwa mazoea: anakuja. Aligeuka akatazama foleni yote mpaka mwisho, akatazama geti, akatazama bomba. Nyuma yake watu mia na zaidi walikuwa wanangoja juani.

"Haji," alisema.

Hakuwahi kulisema kwa sauti. Liliuma, na halikumpunguzia hamu hata chembe; alikuwa anamtaka vilevile, angemtaka kwenye basi na kesho yake maktabani, na hilo hakuna askari wala karani wa kulifanyia chochote. Alisogea pembeni. "Pita, mama," alimwambia mwenye mwavuli, na yule akapita, akimgusa bega kidogo.

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika arobaini. Basi lingeondoka saa saba kutoka ng'ambo ya barabara, na huko kwao jina lake lilikuwa kwenye daftari bila alama. Alijifuta uso kwa kiganja, akatembea kwa haraka hadi nje ya geti, na kwenye ukingo wa barabara akasimama. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kwa muda mrefu kuliko anavyotazama mtu anayevuka barabara. Kisha akavuka.